Ulizaneni Mlichokiona

Tapeli hodari haji kwako na sura yake. Huja na sura ya mtu uliyemkosa, anasema kwa sauti ya nyumbani kwenu, na analeta jibu la dua ambayo hujamsimulia mtu. Ndiyo maana waliolizwa, ukiwauliza ilikuwaje, wengi hujibu, "Nilimwona kama ndugu." Hawasemi uongo. Kweli walimwona kama ndugu. Ila jirani alimwona kama mcha Mungu, kijana wa nyumbani alimwona kama mtu mwenye mipango ya ajira, na hakuna aliyemuuliza mwenzake ameona nini.

Nasaha yangu leo ni hiyo tu: ulizaneni. Nitaieleza kwa kisa cha zamani cha televisheni, kisa cha kubuni cha mambo ya anga, ambacho kinatuhusu kuliko mtu anavyoweza kudhani.

Usiku wa tarehe 8 Septemba 1966, miezi mitano kabla Mwalimu Nyerere hajalitangaza Azimio la Arusha, kituo cha NBC cha Marekani kilianza kurusha tamthilia iitwayo Star Trek. Sehemu iliyofungua pazia iliandikwa na George Clayton Johnson na ikaitwa "The Man Trap", yaani mtego wa kunasia watu. Hapa Arusha hakuna aliyeiona usiku ule. Tanzania Bara ilikuwa na redio tu, na vituo vya televisheni vilikuja kuanza mwaka 1994. Leo vijana wanaitazama kwenye simu zao na kucheka miamba ya kuigiza na taa za rangi rangi. Wacheke, lakini wasikilize pia. Ndani ya chombo cha anga cha tamthilia hiyo, katikati ya kisa, kinasemwa Kiswahili. Na anayekisema ni muuaji.

Kisa chenyewe ni hiki. Chombo kiitwacho Enterprise, chini ya Kapteni Kirk, kinafika kwenye sayari inayoitwa M-113. Kazi ni ya kawaida: kumpima afya Profesa Crater, mtafiti wa magofu ya kale, pamoja na mkewe Nancy. Wanateremka watu watatu, Kapteni Kirk, Daktari McCoy na kijana wa chini yao aitwaye Darnell. Daktari ana lake moyoni, kwa sababu Nancy alikuwa mpenzi wake kabla hajaolewa na profesa.

Nancy anaingia. Daktari anamwona yule yule wa miaka ile, hajazeeka hata siku moja. Kapteni anamwona mama mtu mzima, nywele zimeshaanza mvi. Darnell anaona msichana mbichi, anayefanana kabisa na binti aliyewahi kukutana naye kwenye sayari ya starehe, na kwa kukosa adabu anakisema alichokiona. Anakaripiwa, anaambiwa akasubiri nje. Nancy anatoka, naye Darnell anamfuata. Baada ya muda mfupi Darnell anakutwa amekufa, usoni ana alama nyekundu za mviringo. Daktari anaichunguza maiti na haoni jeraha la kuua wala sumu. Anachokuta ni kwamba mwili mzima hauna chumvi.

Yule hakuwa Nancy. Nancy halisi alikwishauawa zamani. Aliyeingia mle chumbani alikuwa kiumbe wa sayari ile, wa mwisho wa kizazi chake, anayeishi kwa kula chumvi na mwenye uwezo wa kuvaa sura ya yeyote unayemuwaza. Akavaa sura ya mmoja wa wanaanga aliowaua, akaingia chomboni pamoja nao, akaanza kuwinda.

Humo ndimo anamokutana na Luteni Uhura, ofisa wa mawasiliano, mwanamke wa Kiafrika aliyeigizwa na Nichelle Nichols. Mwanzoni tulishamwona Uhura akijaribu kupiga soga na mwenzake Spock, angalau aambiwe neno zuri, atajiwe mbalamwezi ya kwao Spock. Spock, mtu asiyejua mzaha, akamjibu kwamba sayari yao haina mwezi. Basi Uhura anapita ujiani, peke yake, mwili uko kazini na moyo uko mbali. Kiumbe anamtazama, na mara hiyo hiyo anageuka kijana mtanashati wa Kiafrika. Anamwambia, "Ulikuwa ukimuwaza mtu kama mimi." Kisha anamsemesha Kiswahili. Ukikisikia Kiswahili hicho utatabasamu, maana ni cha kubabaisha, na mtoto wa darasa la pili pale Usa River angekishuku. Uhura hakishuku. Uso wake unalainika, macho hayabanduki, anasogea ukutani, na mikono ya yule kijana inaanza kunyanyuka taratibu kuelekea usoni pake.

Kilichomwokoa Uhura hakikuwa ujanja wake. Aliitwa kazini kwa kipaza sauti, na wenzake wawili wakatokea kwenye mlango wa lifti. Kiumbe hakuweza kula mbele ya watu.

Ndugu msomaji, tazama vizuri jinsi ushahidi ulivyokuwapo tangu dakika ya kwanza. Watu watatu walimtazama mwanamke mmoja wakaona wanawake watatu. Hakikuhitajika chombo cha kupimia, ilitosha wakae chini wasimuliane. Kapteni na daktari walibishana kidogo baadaye, mmoja akisema yule mama ana mvi na mwingine akisema hana, lakini wakaishia kulaumu macho ya mapenzi. Ukipenda, chongo huita kengeza, na hapo habari ikafungwa. Aliyekuwa na ushahidi wa tatu, yaani Darnell, alikwishatolewa nje kwa kuwa alikuwa mdogo na alilisema lake bila adabu. Wazazi wenzangu, hapa tujitazame. Ni mara ngapi mtoto amesema, "Mimi huyu mjomba simwelewi," tukamwambia anyamaze, watu wazima wanaongea? Adabu mfundishe, lakini alichokiona kwanza kichukue.

Sasa tukilete kisa kwetu. Tuseme kuna mama mjane huko Akheri, ana kihamba cha migomba na kahawa alichoachiwa na marehemu mumewe. Siku ya soko la Tengeru amepanga ndizi zake, anatokea bwana mmoja aliyevaa vizuri lakini bila kujionyesha. Anamwamkia kwa Kimeru cha heshima, anataja ukoo wao, anamtaja marehemu kwa jina la utani ambalo mama hajalisikia tangu msiba. Mkungu anaununua bila kuomba apunguziwe. Kwa mama, huyu ni mtoto wa mlimani aliyekumbuka kwao.

Wiki hiyo hiyo bwana yule yule yuko kijiweni Ngarenaro na mtoto wa kwanza wa mama. Huko Kimeru kimewekwa kando. Anaongea lugha ya mjini, anataja kampuni za utalii, magari ya safari, na nafasi ya udereva ambayo inaweza kupatikana msimu ukianza. Kwa binti wa mwisho aliye chuoni, amekuwa mlezi mwenye hofu ya Mungu, anayeuliza kwa upole ada iliyobaki ni kiasi gani. Mwezi hauishi, karatasi ya mistari imeshasainiwa juu ya meza ya mgahawa, kipande cha kihamba kimekwenda kwa bei ya kutupa, na shahidi pekee ni rafiki wa mnunuzi.

Lau hao watatu wangekaa jioni moja, wakala loshoro pamoja na kila mmoja akamsimulia "mtu wangu" alivyo, ingechukua dakika tano kugundua kwamba ni mtu mmoja. Hawakukaa, kwa sababu kila mmoja aliombwa asiseme.

Hii ndiyo dalili ya kuishika kuliko zote. Anayetaka kukunyonya hukutaka peke yako. "Usimwambie mtu, nyota yako itachafuliwa." "Ndugu zako wana wivu, watakuharibia." "Nafasi zimebaki mbili, amua leo." Maneno haya tumeyasikia sote, na yana kazi moja tu, kuwazuia watu walioona sura tofauti wasikutane. Mambo ya heri yanaweza kuhitaji faragha, sibishi. Mchumba hatangazwi siku ya kwanza, na biashara ina siri zake. Lakini pima: faragha unayoombwa inamlinda nani? Kama mwenye kulindwa ni yeye tu na mwenye kutoa ni wewe tu, simama hapo.

Na usidhani ni lazima tapeli akujue ndipo akupate. Chukua ule ujumbe maarufu wa simu, "Ile hela tuma kwenye namba hii." Aliyeutuma hamjui aliyeupokea. Ameurusha kwa watu wengi, akingoja umfikie yule mmoja ambaye kweli alikuwa anadaiwa na yuko njiani kwenda kwa wakala. Mwenye deni la kodi atamwona mwenye nyumba. Mwenye mtoto bweni atamwona mwalimu. Sura anaiweka mpokeaji mwenyewe, kutokana na kilichokuwa moyoni mwake asubuhi ile. Kwa hiyo nasaha ya kwanza kabisa ni kujua kilichoko moyoni mwako. Umekosa nini mwaka huu? Mtoto? Kazi? Mwenza? Mtu wa kukusikiliza? Kupungukiwa si aibu. Lakini kijue, ukitaje mbele ya mtu mmoja unayemwamini, kwa sababu mlango huo ndio utakaobishwa.

Kuna mlango mwingine ambao sisi wa Arusha tunauacha wazi kupita kiasi, nao ni lugha. Mji huu umejaa watu wa kila kabila, na katika mchanganyiko huo masikio yanamtafuta wa kwao. Mmeru akisikia Kimeru pale Soko la Kilombero, Mwarusha akiitikiwa "Epa" baada ya kusema "Sopa" kwenye foleni ya benki, Mchaga akisikia lafudhi ya Marangu pale stendi, mabega yanashuka. Walioko mbali zaidi wanalijua hili sana. Mtanzania akiwa Muscat au Chicago, akisikia mtu anaita "Kaka, mambo vipi?", anageuka kabla hajafikiri. Ni neema kubwa hiyo, na simshauri mtu aikatae. Itikia, cheka, muulize habari za huko kwao. Ila lugha ni ya kufungulia salamu. Haithibitishi deni, haimkagui mtu tabia, na haijui hati ya kiwanja imesajiliwa kwa jina la nani. Wema wanaisema na wezi wanaisema.

Wazee wetu walilijua hili, na ndiyo maana mambo makubwa hawakuyaachia macho ya mtu mmoja. Tazama ndoa. Kijana alipompenda binti hakwenda mwenyewe, alitumwa mshenga, na nyuma ya mshenga watu wakatumwa kimya kimya kuulizia ukoo: kuna nini kule, mama yao anaishije na majirani, baba yao analipa madeni? Makanisani matangazo ya ndoa husomwa mbele ya waumini wote, Jumapili baada ya Jumapili, na mwenye pingamizi anaombwa aseme. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 nayo inataka taarifa ya kusudio la kufunga ndoa itolewe siku 21 kabla. Siku hizo si za kupikia pilau. Ni za kumpa nafasi aliyeona sura nyingine ya bwana harusi asimame na kuisema. Sheria hiyo hiyo inakataza mume au mke kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, kwa sababu macho mawili yanayolala chumba kimoja huona mambo tofauti.

Wameru wana kumbukumbu yao ya jambo hili. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwahamisha kwa nguvu watu wapatao 3,000 kutoka Ngare Nanyuki ili ardhi ipewe wafugaji wa Kizungu. Mwaka uliofuata Kirilo Japhet alikwenda hadi Umoja wa Mataifa kuyasema malalamiko hayo mbele ya dunia. Kilichofanya aaminiwe si kwamba alisema Kimeru, maana wote walisema Kimeru. Alitumwa na watu wake, waliokutana, wakajadiliana na kuchanga fedha ili sauti yao ifike. Aliyekabidhiwa imani yao alikabidhiwa hadharani.

Msomaji makini ataniuliza: mbona watu hulizwa kwa makundi? Swali zuri. Tuliiona DECI, ule mpango wa kupanda na kuvuna mbegu uliosimamishwa na serikali mwaka 2009. Waliopanda hawakuwa peke yao, walikuwa umati, wengi wao watu wa ibada, na lugha ya mbegu na mavuno waliizoea tangu madhabahuni. Penye wengi hapaharibiki neno, tulifundishwa, na pale liliharibika.

Kisa chetu kina jibu. Baadaye yule kiumbe alijigeuza Daktari McCoy mwenyewe, akakaa kwenye kikao cha viongozi wa chombo, akachangia hoja, na hakuna aliyeshtuka. Wote waliona sura moja, na wingi wao haukusaidia kitu. Kwa hiyo kuulizana ninakokusema si kuhesabu vichwa. Watu elfu wanaotazama upande mmoja ni jicho moja tu. Kuulizana ni kumtafuta aliyesimama upande mwingine: aliyefanya naye biashara miaka mitatu iliyopita, aliyewahi kumpangisha chumba, mke aliyeachana naye, fundi anayemdai. Wale wa DECI wengi waliulizana, "Umevuna?" Swali lililohitajika lilikuwa, "Hayo mavuno yanatoka shamba gani?" Ukiona kundi zima linamsifu mtu kwa maneno yale yale, wewe nenda kamtafute asiyesifu, umsikilize. Huenda ni mwenye husuda. Huenda ni Darnell.

Sasa nina neno kwa mtu wa pili katika kisa hiki, naye ni Profesa Crater. Yeye hakudanganyika. Alijua tangu mwanzo kwamba anayeishi naye si mkewe na kwamba ndiye aliyemuua mkewe. Alikaa naye kwa sababu ya upweke, na kwa sababu alimwonea huruma, wa mwisho wa kizazi chake. Wageni walipofika, alichoomba ni vidonge vya chumvi na kuachwa peke yake. Angesema sentensi moja tu, Darnell na wenzake wangebaki hai. Hakuisema, na mwisho yule aliyemficha akamla na yeye.

Maprofesa Crater tunao majumbani. Ni familia inayojua kwamba kijana wao ameshauza kiwanja kimoja kwa watu watatu, lakini siku anapoleta wazazi wa mchumba nyumbani, wanachinja mbuzi na kumpamba. Ni mke anayejua fedha za kikundi zimeliwa na mumewe, akakaa kwenye kikao cha vikoba akipiga makofi. Ni viongozi wa usharika au wa msikiti wanaomhamisha mtu mwenye tuhuma kimyakimya akawe mgeni mpya kwingine. Tunaita kufichiana aibu. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mara nyingi anayetangulia kufa ni mtu wa nje asiyejua lolote. Kumpenda mwanao hakukulazimishi umpigie debe. Kama huwezi kumkataza, angalau usimdhamini, na akija mtu kukuuliza kwa nia njema, usiapie usichokiamini.

Neno la mwisho ni kwa mwenye njaa mwenyewe. Naam, nasaha si ya waliolizwa peke yao. Kisa hiki hakimchukii kiumbe. Kapteni Kirk anamaliza akiwakumbuka nyati wa Marekani, walioujaza uwanda mzima kisha wakakaribia kumalizwa kwa risasi. Na kule kwenye kikao, kiumbe akiwa amevaa sura ya daktari, alisema neno la kweli kabisa: kwamba chumvi ingeweza kutolewa tu, bila hila, na hapo hapangekuwa na sababu ya kuua. Chombo kilikuwa nayo. Hakuwahi kuiomba kwa sura yake.

Mfugaji wa Monduli atakwambia kwamba ng'ombe akikosa chumvi hulamba udongo, hulamba hata ukuta. Njaa si dhambi. Najua vijana wa mjini wanaolala na deni la kausha damu, riba inapanda kila wiki, na asubuhi wanatoka kumtafuta wa kumtwisha. Najua waliosoma, wakakosa kazi, wakagundua kwamba ulimi wao mtamu unaweza kulipa kodi ya chumba. Ndugu yangu, kwetu hapa mtu akigonga mlango wa jirani na kikombe akaomba chumvi, hanyimwi. Anaweza kuchekwa, anaweza kusemwa, lakini hanyimwi. Omba kwa sura yako. Ukizoea kuwa mtoto wa mlimani Tengeru, mjanja Ngarenaro na mlokole Sakina, itafika siku unahitaji mtu mmoja anayekujua wewe, na hutakuwa naye. Yule kiumbe sura yake halisi ilionekana alipokuwa anauawa, na hata hapo alijaribu kurudia sura ya Nancy ili amsihi daktari. Daktari alifyatua.

Basi tufanye nini, tuanze kushuku kila anayetusalimia? Hapana. Anayeshuku kila mtu amechoka kabla ya saa nne asubuhi, na tapeli akija atamkuta mpweke, jambo ambalo ndilo analolitaka. Ninachoshauri ni kidogo na kinawezekana. Kila nyumba iwe na siku ya kusimuliana watu. Msisimuliane habari za dunia, simulianeni watu: nani mpya ameingia katika maisha yako mwezi huu, ulikutana naye wapi, ameomba nini, ameahidi nini? Watoto nao waulizwe, na wasikatizwe. Mkisikia mtu mmoja akielezwa kwa sura mbili, msigombane nani kaona sawa. Wote mmeona sawa, na hiyo ndiyo habari yenyewe.

Kwa fedha na ardhi, jambo lisifungwe siku lilipoanza. Mnunuzi aje nyumbani akutane na watoto wote kwa pamoja, kisha mwende kwa mwenyekiti wa kitongoji au wa mtaa, na mashahidi wako uwachague wewe. Mkopeshaji akikataza mumeo au mkeo asiusome mkataba, huo mkataba umeshajieleza. Na kwako unayeishi peke yako, huna wa kusimuliana naye jioni, jitwishe wajibu unaokukutanisha na watu: kwaya, kikundi, zamu ya msikitini, shamba la ushirika. Uhura hakuokolewa na rafiki wa moyoni. Aliokolewa na kazi iliyokuwa ikimsubiri na wenzake waliokuwa wakipita.

Wala usiogope kwamba utamkwaza mtu mwema. Mtu mwema kuulizwa hakumpunguzii kitu. Mchumba wa kweli atazingoja zile siku 21 na atakusaidia kuandika majina ya waalikwa. Mnunuzi wa kweli ataketi kwenye benchi la ofisi ya kijiji mpaka mwenyekiti arudi. Na anayekuita ndugu, kama ni ndugu, atafurahi ukimwambia: njoo Jumapili, nataka wenzangu nao wakuone.